Gari ya Oto, Mkwe Wangu na Ile Taa

Alhamisi, 1 Novemba 2012

Naanza leo. Daftari hili ni la mahudhurio, lilibaki stoo ya skuli. Mimi ndiye mtunza stoo, kwa hiyo halikuibiwa, limehamishwa. Mtu pekee mwenye gari ya oto Gando nzima ana wajibu wa kuacha kumbukumbu.

Pekee! Jecha anayo pikapu, kweli, lakini ya gia za mkono, na mlango mmoja umefungwa kamba. Jecha ni mwanyumba wangu. Yeye kamuoa Mwatum, mkubwa, mimi nimemuoa Mwanawema, mdogo wake. Mwanyumba huchagui, unapewa.

Habari kubwa: mkwe wetu, Bi Mize, anarudi kutoka Makka Jumamosi ya tarehe kumi. Lazima gari moja imchukue uwanja wa ndege Chake mpaka Gando, na kasida, na watu nyuma. Alipoondoka alipelekwa na Jecha. Tangu siku hiyo Jecha anatembea na kifua mbele, utasema aliendesha mpaka Al-Kaaba.

Niandike ukweli, maana hapa hanisomi mtu. Miaka minane nimemuoa Mwanawema na Bi Mize hajanitaja jina hata siku moja. Mimi kwake ni "yule wa Shumba." Mwambieni yule wa Shumba chakula tayari! Nami nimekaa hapohapo, goti langu linagusa sinia. Wala hajafika Shumba kumwamkia mama yangu, na mama kila Idi huniuliza kama mkwe atakuja. Ninataka jambo moja tu: Bi Mize ashuke kwenye gari yangu mbele ya Gando yote, aniite mwanangu. Basi.

Alasiri taa imewaka kwenye dashibodi. Rangi ya chungwa. Haijawahi. Nimefungua kitabu cha gari: Kijapani mwanzo mwisho. Ukurasa wenye picha ya taa ile una mtu kasimama kando ya gari, anatabasamu. Maana yake iko wazi, gari imeshamzoea mwenyewe. Nimemweleza Mwanawema. Amesema "mh." Ile "mh" siipendi.

Ijumaa, 2 Novemba

Taa bado. Na jambo jipya: nikitia D, gari inafikiri kwanza, halafu inaruka, gudu! Baada ya sala nilimpa Jecha lifti ili aone viti. Ikaruka. Kofia yake ikaenda kuangukia dashibodi. Akaniuliza, mbele ya watu watatu, kama gari yangu ina kwikwi. Nikamjibu kuwa gari za heshima huamkia kabla ya kuondoka.

Jibu zuri sana. Nimelirudia mara mbili njiani peke yangu.

Jumapili, 4 Novemba

Wete, kwa Fundi Safari. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa, akanusa. Kitambaa cheusi. Akasema mafuta yameungua, na taa ile ndiyo inayolia hivyo tangu Alhamisi. Gari ilale kwake siku tatu, mafuta sahihi yaletwe na boti kutoka Unguja, chujio lisafishwe. Mpaka hapo nisipande mpando wowote. Nikamuuliza kama hakuna njia nyepesi. Akasema ipo, kutembea kwa miguu. Fundi hodari, adabu hana.

Ningemwachia, wallahi ningemwachia. Lakini ng'ambo ya barabara nani ananunua mkate wa bofulo? Jecha. Kesho yake Gando nzima ingejua kuwa gari ya Shaame imelazwa. Nikampungia mkono, nikaondoka kwa maringo. Gari ikaruka mara mbili. Nikamwamkia Jecha tena.

Nyumbani nimekata kipande cha plasta nyeusi ya umeme (stoo, imehamishwa) nikabandika juu ya taa. Kimya! Fundi anataka siku tatu, mimi nimemaliza kwa kipande cha urefu wa kucha.

Jumatatu, 5 Novemba

Kikao cha ukoo, barazani kwa Bi Mize. Jecha akasema ameosha pikapu na kununua busati jipya la kiti. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, kwa sauti ya upole, kwamba gari yangu ina ubaridi ndani, kiti chake kinalala, na haina lile fimbo la gia la kumgonga Hajati goti. Nani akanitetea? Mwatum, mke wa Jecha mwenyewe! Akasema mama ana magoti, siku ya kwenda alipandishwa pikapu na watu watatu.

Ushindi! Mimi mbele na Hajati. Jecha nyuma na mabegi.

Mwanawema akanivuta jikoni, akaniuliza giaboksi inasemaje. Nikamwambia iko mikononi mwa mtaalamu. Akauliza mtaalamu gani. Nikatoka kwenda kuosha gari.

Jumanne, 6 Novemba

Si siku njema. Narudi skuli, kile kimpando kidogo kabla ya nyumbani, injini inapiga kelele, mwendo hakuna. Mwanamke mwenye gunia la makonyo ya karafuu kichwani akanifikia, akanisabahi, akanisubiri niitikie, akanipita.

Nimekaa nikafikiri kwa kina. Taa iliwaka Alhamisi. Jumatano ya kabla yake ilikuwaje? Jumatano Jecha aliweka kiganja juu ya boneti akasema, gari nzuri hii. Hakusema mashallah! Nakumbuka vizuri, nilisubiri aseme, hakusema. Mafuta yameungua wapi! Kijicho hicho. Nashangaa Fundi Safari, miaka yote hiyo chini ya magari, hajui jambo dogo kama hili.

Jumatano, 7 Novemba

Kwa Shehe Abrahman, mapema. Nikamweleza yote. Akaniuliza mara ya mwisho kubadilisha mafuta ilikuwa lini. Shehe mzima anauliza habari za mafuta! Nikamrudisha kwenye boneti na mashallah. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema Jecha hana jicho, ana domo tu, na gari niipeleke kwa fundi.

Ila, akasema, mimi mwenyewe ataniandikia kombe. Kwa nini mimi? Kwa sababu tangu nimekaa nimeitaja gari mara nne na mkwe mara kumi na moja. Kifua changu kina kitu kizito, akasema, nami nimekigeuza giaboksi. Akachukua sahani nyeupe, akaandika aya zake kwa wino wa zafarani, akaiosha kwa maji na marashi ya mawaridi, akanijazia chupa. Ninywe asubuhi tatu kwa bismillahi.

Nimelala alasiri yote nikipima maneno yale. Mimi fumbo nalijua. Shehe hawezi kusema wazi kwamba nikaimiminie gari, kesho baraza yake ingejaa pikipiki. Kwa hiyo amesema "wewe," nami nimeelewa "gari." Tumeelewana kimya kimya, watu wawili wenye akili.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimemimina. Tundu la kijiti, bismillahi, chupa nzima, nikabakisha funda moja nikanywa mwenyewe kwa adabu. Nikawasha, nikaenda Wete nikarudi.

Laini! Laini kama siagi! Hairuki, haifikiri. Mchana niliwapita wazee wa barazani mara tatu bila sababu. Taa imezimika au la, sijui, sikubandua plasta. Mwenye imani hachungulii.

Nimemwonea huruma Fundi Safari. Miaka yote hiyo na masipana.

Jumamosi, 10 Novemba

Siku kuu ya maisha yangu. Niandike yote kwa utaratibu.

Uwanja wa ndege saa nne. Kanzu yangu mpya, kofia ya kufuma. Gari imepambwa maua ya karatasi mbele na nyuma. Pikapu ya Jecha nyuma yangu, na nyuma yake lori la mchanga lililofagiwa, limejaa akina mama wa kasida na matari yao. Bi Mize akatoka, mweupe tupu kichwa mpaka miguu, mdogo kuliko alivyoondoka. Mwatum na Mwanawema wakamwangukia, watu wakalia. Hata Jecha. Nikafungua mlango wa mbele. Akaitazama gari, akauliza kama ndiyo ya yule wa Shumba. Akaambiwa ndiyo. Akapanda! Mwanawema nyuma. Matari yakaanza.

Tambarare, laini. Nilipunga mkono kwa watu nisiowajua.

Kisha mpando wa Chake. Katikati ya mpando injini ikapiga ukelele, na gari ikasimama. Halafu, polepole, ikaanza kurudi. Kanyaga breki. Tia D, hakuna. Tia 2, hakuna. Tia L, hakuna. Jecha nyuma honi, lori nyuma honi, akina mama wanaimba tu. Bi Mize anavuta uradi. Nikatia R, ya kurudi nyuma, kwa kukata tamaa.

Ikashika!

Hapo ndipo mtu anapojulikana. Mpando ulikuwa unanipa njia, nikaiachia gari irudi ikate barabara, mteremko ukaivuta pua ikageuka, sasa uso chini, tako juu. Nikatia R. Tukapanda! Kinyumenyume, kwa taratibu, kwa heshima, mpaka juu kabisa. Mbele yangu uso kwa uso yuko Jecha ndani ya pikapu, mdomo wazi. Nyuma yake akina mama wote wa kasida wanamwona Hajati wao waziwazi, naye anawaona. Wakapandisha sauti maradufu. Bi Mize akaanza kuwapungia. Nauliza: Hajati gani Pemba nzima aliwahi kupokewa hali anatazamana na wapokezi wake? Ametokea wa kwanza, kwenye gari yangu.

Kilele tukakifikia, tukakivuka. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, na harufu ya marashi na zafarani ikatanda barabara yote. Wanawake waliokuwa wakianika karafuu kando ya njia wakasimama. Subhanallah, wakasema, harufu ya Makka hiyo! Mmoja akaja akagusa boneti akajipaka usoni. Sikukanusha. Mwanawema kiti cha nyuma alinitazama kwenye kioo, naye anaijua harufu ya kombe vizuri.

Kisha R nayo ikafa.

Jecha akaja na kamba. Akafunga, akakaza. Wakaigeuza gari kwa kusukuma, wanaume sita. Wote wakamwomba Bi Mize ahamie pikapu. Akakataa! Akasema magoti haya yamekwenda Safa na Marwa mara saba, hayapandi ngazi ya mtu leo, hapa alipokaa ndipo anapofikia. Mwanawema ndiye akahamia kwa dada yake.

Basi tukavutwa. Mpaka Gando! Injini kimya, ubaridi hakuna, vioo chini, mimi na usukani, Bi Mize na tasbihi yake. Miaka minane hatujawahi kukaa wawili. Kabla ya Wete akaiona plasta. Akaibandua kwa ukucha. Taa ikamkodolea macho, chungwa, na jirani yake nyekundu mpya. Akauliza ni za nini. Nikasema pambo. Akacheka, sijawahi kumsikia akicheka.

Akasema kule Arafa aliwaombea watu wake wote mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kwangu ulimi ukakwama. Jina halikuja, lilikuja "yule wa Shumba" tu. Akasema aliona haya mbele ya Mola wake, mtu amelala nyumba moja na mwanawe miaka minane na yeye hana jina la kumwombea. Ilimbidi akae chini akumbuke. Akaniomba radhi. Akaniita Shaame. Kisha akasema, mwanangu, nisamehe.

Sikuiona kamba kwa muda. Jecha alipunguza mwendo nikakaribia kumgonga. Nilijifuta kwa mkono wa kanzu, na kanzu mpya haifuti vizuri.

Akasema jambo moja tu zaidi: taa ikiwaka nisiifunike, niisikilize. Nikaapa.

Gando tukaingia watu wamejaa njia nzima. Aliyetangulia kufika ni Jecha, kweli, kwa urefu wa kamba. Lakini Hajati kashuka kwenye gari yangu. Iandikwe hivyo.

Jumatatu, 12 Novemba

Jecha kanivuta tena, mpaka kwa Fundi Safari. Fundi akafungua boliti chini, mafuta yakamwagika kwenye karai. Pinki! Pinki ya sharubati ya mapera na maziwa. Akatazama. Akanusa. Akanusa tena. Akawaita mafundi wenzake, wakanusa kwa zamu.

Akaniuliza nimetia nini. Nikasema hali ya hewa. Akasema yeye kalelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa akimnywesha kombe kila akipata homa, na harufu hii haipotezi. Akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akaomba maji. Miaka ishirini na mbili, akasema, ameona mchanga ndani ya injini, sukari, hata mjusi, lakini kombe, hajaona. Akataka kujua giaboksi ilikuwa inaumwa wapi, kichwa au tumbo.

Kufikia alasiri Shehe Abrahman keshapata habari. Kaniletea salamu: anauliza kama zile asubuhi tatu nimezikamilisha.

Jecha, niandike tu, hakucheka. Alikwenda mwenyewe bandarini Wete kupokea mafuta yangu, yaliyoagizwa tangu Jumamosi, kwenye boti, akayaleta kwa pikapu. Jambo hili limeniudhi kuliko yote, maana sasa inabidi nimshukuru. Nimeahirisha.

Fundi kasafisha, katia mafuta, kayamwaga, katia tena. Anasema maji bado yamebaki ndani, nirudi Jumamosi ya tarehe kumi na saba ayabadilishe mara ya tatu. Taa ikiwaka kabla ya hapo nisimame, nisiendeshe hata kwenda msikitini. Akaniapisha, mkono juu ya sanduku la masipana: sitatia humo maji ya aina yoyote. Nimeapa mara ya pili ndani ya siku tatu. Mtu mwingine angechoka.

Ijumaa, 16 Novemba

Bi Mize kagawa zawadi. Tende, tasbihi, na kila mkwe chupa ndogo ya maji ya zamzam. Ya Jecha na yangu zinalingana. Nimepima kwa kidole gumba: yangu imezidi kidogo.

Kisha mbele ya wote akasema, Shaame, mwanangu, kesho asubuhi nipeleke Shumba nikamwamkie mama yako.

Mama yangu! Nikatoka nje kumpigia simu. Hakuamini, nikarudia mara tatu. Akalia. Anasema kuku wameshapatikana, na mikeka anaazima kwa jirani. Miaka minane!

Alasiri nimewasha gari kuipasha moto.

Chungwa.

Nimezima nikawasha tena, chungwa vilevile. Fundi amesema nisimame. Mwanawema kaiona, kasema "mh," kamwambia dada yake, naye Jecha katuma salamu: atatupeleka yeye kwa pikapu, na amechonga kijingazi cha mbao kwa ajili ya magoti ya mkwe. Kijingazi! Nimekiona, kimepigwa randa vizuri, kimepakwa na rangi. Bi Mize afike kwa mama yangu kwa mara ya kwanza, ashukie kijingazi cha Jecha? Hata kidogo!

Kwa hiyo nimekaa nikayapitia mambo upya, bila hasira, kama msomi. Kosa la Alhamisi ile lilikuwa wapi? Si maji. Maji niliyatia, na siku mbili gari ilikwenda laini kama siagi, mimi ni shahidi. Kosa lilikuwa zafarani! Zafarani ina nyuzi, nyuzi zimeziba chujio. Fundi hakuliona hilo, alikuwa anacheka. Zamzam haina nyuzi. Na kiapo? Nilimwapia Fundi Safari maji ya aina yoyote, yaani haya ya kwetu, ya bomba na ya kisima. Zamzam haikuwapo kwenye mazungumzo. Kiapo cha Bi Mize ni kutoifunika taa, nacho nitakitimiza: siifuniki, nimetundika tasbihi mpya hapo, na tasbihi inaning'inia inapotaka.

Nimejaribu mdomo wa chupa kwenye tundu la kijiti. Unaingia sawasawa! Mambo kama haya hayatokei bure.

Nimempigia mama tena. Saa tatu asimame nje atazame njia. Nikamwambia, akituona tunakuja kinyumenyume asishtuke, ndiyo heshima mpya ya mahujaji huku Gando.